Pikapu ya Miteremko

Kama kulikuwa na mtu Likasi aliyejua kila mteremko wa mji, basi ni Damas. Hakuwa mpima ardhi. Alikuwa na pikapu tu, Hilux nyeupe ya mwaka tisini na moja, na pikapu hiyo ilikuwa haiwaki kwa ufunguo. Ilitaka kuteremshwa. Unaondoa jiwe chini ya gurudumu, unaiacha itambae yenyewe, unatia gia ya pili, unaachia klachi, nayo inakohoa mara mbili na kuwaka. Kwa hiyo Damas aliegesha juu ya mteremko kila siku ya Mungu, miaka kumi na minne mfululizo.

Mtu asiyewahi kumiliki gari kuukuu atasema hilo ni jambo dogo. Haya, asikilize. Misa Damas alisali parokia yenye kilima mbele ya lango, wakati parokia yake mwenyewe ilikuwa hatua mia mbili kutoka nyumbani, ila uwanja wake ni bapa kama meza. Rafiki zake walikuwa wale waliojenga juu. Waliojenga bondeni aliwasalimu kwa simu. Mwenzake wa kazini alipomwoza binti yake katika mtaa wa tambarare, Damas alipeleka zawadi na udhuru. Alikwisha badili betri tatu na starta mbili, mafundi wakatikisa vichwa na kufuta mikono, mpaka akachoka kuulizia. Hapo ndipo kasoro ilipogeuka sifa. Akaanza kujivuna.

"Ile mutoka inasikiaka minye tu," aliwaambia majirani, kwamba gari linamsikia yeye peke yake. "Mutu mwingine ataisukuma mpaka Kolwezi."

Nao walimwamini. Hata Martine, mkewe, alimwamini, ingawa aliiita pikapu hiyo mke mwenza, na si kwa mzaha wote. Mke mwenza alioshwa kila Jumamosi. Martine mara ya mwisho kununuliwa kitenge hakumbuki.

Kisha macho ya Damas yakaanza kuzimika. Daktari alisema ni presha ya macho, haina kurudi nyuma. Mwaka mmoja baadaye aliona watu kama vivuli tu, na siku alipogonga ukuta wa lango lake mwenyewe mchana kweupe, Martine alisema imetosha. Pikapu ikauzwa. Aliyeinunua ni Bertin, jirani wa ukuta kwa ukuta, kijana wa miaka thelathini na kitu, fundi umeme katika kiwanda kimoja cha mji, mume wa Jenny anayeuza samaki sokoni.

Siku ya kuikabidhi, pikapu ilikuwa juu ya mteremko wa avenyu kama kawaida. Bertin akaingia, Damas akaondoa jiwe na kumwambia atie gia ya pili, ikateremka, ikawaka, kijana akapunga mkono. Damas hakumwambia kwamba penye tambarare haiwaki. Hakusahau. Alinyamaza kwa makusudi, na alikuwa na sababu yake: alitaka Bertin aje kubisha hodi. Alitaka kijana asimame mbele yake kofia mkononi na kusema, papa, mutoka yenu imenishinda. Ni hilo tu. Gari hawezi kuliendesha tena, analijua hilo, lakini liendeshwe na mwingine kwa raha? Hapana. Na likatae kuwaka.

Ua wa Bertin ni bapa. Asubuhi ya kwanza Damas aliweka kiti chake karibu na ukuta, akategea sikio. Mtu asiyeona husikia mara mbili. Akasikia mlango wa gari, akasikia ufunguo, akasikia starta ikilia kwee, kwee, kwee, kisha kimya. Ee, alifurahi! Alifurahi mpaka akaona haya kidogo. Walikuja vijana watano kuisukuma mpaka kona, na Damas akanywa chai yake na vikombe viwili zaidi. Asubuhi ya pili vilevile. Akamwambia Martine atengeneze kiti cha mgeni, maana jirani atakuja jioni.

Jirani hakuja. Asubuhi ya tatu Damas alisikia boneti ikifunguliwa, na Bertin akipiga mluzi, ule mluzi wa mtu anayefanya kazi aipendayo. Asubuhi ya nne ufunguo uligeuzwa na pikapu ikawaka papo hapo, bila kukohoa, bila kusukumwa, palepale kwenye ua bapa.

Damas aliketi na kikombe mkononi mpaka chai ikapoa. Nisiwafiche: wivu uliompata haukuwa wa jirani kwa jirani. Ulikuwa wa mwanamume aliyemkuta mke wake akimchekea mwingine kwa namna ambayo yeye hakuwahi kuchekewa. Miaka kumi na minne amebembeleza, ameweka mawe, ameomba. Huyu kijana, siku nne!

Jumapili baada ya misa Bertin akaja, kwa heshima zote, akiwa na papai la zawadi.

"Yambo, papa Damas. Mulilala bien? Papa, ile mambo ya démarrage, ya kuwaka, niliiona. Haikuwa démarreur, haikuwa batterie. Ni fil ya masse tu, ile inatokaka ku batterie inaenda ku moteur. Ilikula kutu kule nyuma, nafasi mutu haoni. Nilitia ingine ya mupya, na boulon ya mupya. Voilà, iko inawaka."

Hapo mtu mwenye busara angesema: kumbe! Asante, mwanangu, umenifundisha. Damas alisikia damu ikipanda masikioni. Waya. Waya wa ethi tu, mfupi kama mkono wa mtoto, ndio uliompangia parokia, rafiki na safari zake zote. Kinywa kikafunguka kabla akili haijafika.

"Niliyuaka," alisema, yaani alikwisha jua.

"Muliyuaka?"

"Zamani. Nilikuwa naiachaka tu. Mutoka yenye kuwaka rahisi, batu ya kuiba banaibeba rahisi."

Bertin akapiga makofi kwa kustaajabu. "Ah, papa! Muko na akili, vraiment!" Akaenda zake, akalieneza neno hilo kwa nia njema kila alikopita, na papai lilikuwa tamu, na Damas hakuweza kulimeza.

Wivu ni kidonda, ukikishiriki utakonda. Damas alikishiriki. Kila jioni aliuliza pikapu imekwenda wapi leo, na kila jibu lilikuwa msumari. Imekwenda soko la chini. Imekwenda mtaa wa Panda kuchukua mabati. Imepeleka kwaya yote, watu kumi na sita, mahali ambapo hakuna kilima hata cha kuchezea watoto. Jenny alishona vitambaa vyekundu vya viti. Bertin alipaka rangi pale lango lilipokwaruza. Watu walisimama kuisifu barabarani, na sifa zikaruka ukuta.

"Imekuwa mupya kabisa!"

"Ni mikono ya Bertin hiyo."

Mikono ya Bertin! Nani aliyeipitisha mvua zote kumi na nne? Nani aliyebadili springi za nyuma akilala chali kwenye matope? Bertin ameokota mke aliyekwisha lelewa na mwingine, akamfunga kitambaa kipya, akasifiwa kwa uzuri wake. Ndivyo Damas alivyoona, na hakuna aliyeweza kumwonyesha vingine.

Kibaya zaidi, Martine naye alianza kupanda. Jenny alimpa nafasi kwenda sokoni, akarudi mara ya kwanza na uso ambao Damas hakuuona lakini aliusikia katika sauti.

"Haitetemeke tena, Papa Reine," alisema. Alimwita hivyo kwa jina la binti yao mkubwa aliyeolewa Kolwezi. "Na dirisha ya upande yangu inafunguka. Siku zote ulisema haifunguke."

Damas alijibu kwamba dirisha lililofunguka leo kesho halitafunga. Halafu akasukuma sahani.

Basi Jumatano moja Martine akaja na habari.

"Siku ya posho, Jumamosi, Jenny na bwana yake banaenda ku Tshangalele kutwala samaki. Nitaenda nabo. Nifike ku kaburi ya mama."

Damas alikaa kimya. Hapa lazima niseme kwa nini, maana kimya hicho kilikuwa na umri wa miaka tisa.

Mama yake Martine, bibi Fidélie, aliishi katika kijiji cha wavuvi kando ya ziwa Tshangalele, nchi iliyolala tambarare mpaka macho yanachoka. Damas hakuwahi kuipeleka pikapu huko. Angalifika, ndiyo; kurudi ndiko kazi. Angekaa nyuma ya usukani kwenye mchanga huku wakwe zake wanamsukuma. Sasa fikirini: mkwe! Mtu ambaye mbele ya mama mkwe hata kula hali, anayepita pembeni akiinamisha kichwa, leo asukumwe matako na shemeji zake, na wazee wa upande wa mke wakitoa jasho kwa ajili ya kigari chake? Afadhali kufa. Kwa hiyo alimwambia Martine kwamba njia ya ziwani ni mbovu, gari haliwezi.

Miaka tisa iliyopita simu ikalia asubuhi ya Alhamisi: bibi Fidélie amefariki, watazika kesho. Martine alilia, akafunga mzigo, akasema twende. Damas akasema pikapu haiwezi. Akamtafutia nafasi kwenye lori la wafanyabiashara wa samaki, nalo likaharibika njiani. Martine alifika Ijumaa jioni, udongo umekwisha pigwa koleo la mwisho. Hakumwona mama yake usoni. Safari ile ya lori ilimvunja nyonga, hakurudi tena ziwani. Na mwanamke yule hakumlaumu mumewe hata siku moja. Alisema, si kosa lako, ni gari.

Ni gari. Neno hilo lilikuwa limemlinda Damas miaka tisa kama paa. Sasa gari lenyewe linataka kwenda ziwani, na linataka kurudi, kwa ufunguo, mbele ya Martine.

Hakulala vizuri Alhamisi wala Ijumaa. Jumamosi asubuhi, jua limekwisha toka, Bertin aliitoa pikapu mbele ya lango, akaizima, akaingia ndani kunywa chai. Damas alikuwa na spana namba kumi mfukoni. Alipita kwa kupapasa ukuta. Boneti aliifungua bila macho, kama mtu anavyofungua kinywa chake. Harufu ya petroli na mpira wa moto ikamjia, akasimama kidogo. Alihitaji kusimama.

Vidole vikaenda nyuma ya injini, vikapata waya mpya. Ulikuwa mnene, laini, umepakwa grisi safi, umefungwa vizuri kuliko alivyowahi kufunga kitu chochote yeye. Laiti angeukuta umefungwa ovyo! Pengine angerudi nyumbani. Ule uzuri wa kazi ndio uliomchoma. Akaweka spana, akazungusha mara tatu, akaacha boliti ikining'inia, akashusha boneti taratibu kwa viganja vyake viwili.

Shabaha yake ilikuwa ndogo tu. Ikatae hapa mlangoni, safari iahirishwe, Bertin aaibike, na yeye atoke na kusema: niliwaambia, hii inasikia minye tu.

Wakatoka, wakapanda. Bertin akageuza ufunguo.

Ikawaka. Ikawaka kama imetukanwa, mara moja! Waya ulikuwa bado unagusa chuma. Martine akapunga mkono kutoka dirisha linalofunguka, na pikapu ikashika njia ya ziwa ikiwa na boliti iliyolegea, na Damas amesimama barabarani na spana yake.

Siku hiyo ilikuwa ndefu. Mchana alisema wamefika. Saa tisa akasema wamegeuza. Saa kumi akaanza kusali, na ajabu ya moyo wa binadamu, hakujua anasali ili iwake au isiwake. Moyoni akamwona Martine kwenye mchanga na nyonga yake mbovu. Akamwona Bertin akifungua boneti. Akasema, Bikira Maria, iwake. Halafu akasikia tena lile neno "mikono ya Bertin," na sala ikaishia hapo.

Walirudi saa kumi na mbili kasoro. Alisikia pikapu tangu kona, ikipanda mlima kwa sauti safi. Martine akaingia na beseni la samaki, akaliweka chini, akakaa kwenye kiti cha mgeni.

"Tulifika muzuri," alisema. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, na hilo lilimtisha Damas. "Nilikaa na mama wakati murefu. Wakati wa kurudia, Bertin anageuza clé: kimya. Tuko mu muchanga, plat, muteremko hata moja haiko. Kaka yangu Gaston aliita batu. Bazee, bamama, bote balikuya kusukuma. Mara tatu. Banasukuma, banaimba."

"Baliimba?"

"Baliimba. Hakuna mutu mwenye alicheka. Baliniuliza: mukwe wetu eko wapi? Juu ya nini hakuyaka huku na mutoka yake hata siku moja? Gaston alisema, tungalimusukuma mpaka ku Likasi, kama angalituletea dada yetu azike mama yake."

Damas alishika magoti yake. Martine hakunyamaza.

"Ile kusukuma haikusaidia, muchanga inakamata magurudumu. Kiisha Bertin alifungua capot. Anasema boulon ya masse imelegea, mutu aliilegeza na spana. Akaikaza. Hata dakika mbili haikuwa. Minye nikauliza: ni haka kafil kadogo? Akanijibu: ndiyo, maman, njo haka tu kalikuwa kanasumbua miaka yote. Papa Damas aliyuaka zamani, aliniambia yeye mwenyewe. Alikuwa anaiachaka juu ya batu ya kuiba."

Nje, upande wa pili wa ukuta, Jenny alikuwa akigawa samaki na kucheka na wateja.

"Ni kweli, Papa Reine? Uliyuaka? Siku mama anakufa, uliyuaka?"

Njia ya mwongo ni fupi, lakini mwisho wa hii ulikuwa na panda mbili. Akisema alijua, basi alimwacha mama mkwe wake azikwe bila mwanawe, kwa kusudi. Akisema hakujua, basi bwana mkubwa wa pikapu, anayesikilizwa peke yake, alikuwa mjinga aliyeshindwa na waya kwa miaka kumi na minne, na akamdanganya kijana ili asionekane. Ule ujinga aliulinda kwa nguvu kuliko alivyowahi kumlinda mkewe.

"Sikuyuaka," alisema. "Nilimudanganya Bertin. Nilisikia haya. Nilisikia wivu, Martine. Sikuyuaka kitu. Na kule ku lac, niliogopa bakwe banisukume. Njo ile tu."

Lilikuwa neno la kweli la kwanza kutoka kinywani mwake tangu pikapu iuzwe, na alitegemea kwamba neno la kweli lina malipo yake. Alisubiri mkono wa Martine begani. Alisubiri aseme tena, si kosa lako.

"Asubuhi nilikuona," alisema Martine. "Nilikuwa nafunga kitambaa ku dirisha ya Jenny, nikakuona kichwa mu capot. Nikasema, bwana yangu, moyo yake inamuuma, muache aage mutoka yake. Nikakuhurumia. Nikawaambia Jenny na Bertin bakunywe chai polepole."

Mkono wa Damas ukaenda mfukoni, kwenye spana.

"Ya miaka yote, hukuyua. Nakuamini. Lakini ya leo asubuhi, Papa Reine, ya leo asubuhi uliyua. Na minye nilikuwa napanda ndani."

Akainuka, akachukua beseni. Aliwasha makala, akasonga bukari, akakaanga samaki. Akamtengea mumewe sahani yake, akamtolea miiba mmoja mmoja kwa sababu ya macho, kama alivyofanya kila siku tangu yazimike, na akamwekea maji ya kunawa karibu na mkono wa kulia. Kisha akachukua sahani yake mwenyewe, akapita lango, akaenda kula kwa Jenny.